Volti ni moja, hezi ni nyingine: historia ya transfoma na vyombo vya muziki vya Lamu

Hapa huwa tunazungumza mambo ya programu, lakini leo tuweke kibodi pembeni kidogo tushike kitu cha chuma na shaba. Karibu kila mtu wa Lamu anayejua kwamba nimesomea kompyuta ameshaniuliza swali hili: "Nimeletewa kinanda kutoka nje, nyuma kimeandikwa volti 110. Ninunue transfoma gani?" Wengine huwa ni amplifaya, wengine miksa, wengine santuri ya zamani ya marehemu baba. Shahada ya sayansi ya kompyuta haikunifundisha transfoma, lakini huku kwetu ukishajulikana kuwa ni mtu wa mitambo, basi kila chenye waya ni chako.

Swali lina jibu la mstari mmoja: "Nunua ya kushusha 240 kwenda 110." Na jibu hilo la mstari mmoja ndilo linaloharibu vyombo vya watu, kwa sababu linazungumzia namba moja wakati nyuma ya chombo zimeandikwa namba tatu: volti, hezi na wati. Ili uzielewe zote tatu lazima ujue zilikotoka, na zilitoka New York, Berlin, London, Tokyo na Dhahran. Kwa hiyo leo ni somo la historia. Vuta kiti.

Ugomvi wa wazee

Tarehe 4 Septemba 1882 Thomas Edison aliwasha kituo chake cha umeme cha Pearl Street, New York. Umeme wake ulikwenda upande mmoja tu, kama wa betri, na ulikuwa wa volti 110 hivi. Namba hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Balbu zake za nyuzi za kaboni zilifanya kazi vizuri karibu na volti 100, na nyongeza kidogo iliwekwa kufidia umeme unaopotea njiani.

Shida ni kwamba umeme wa volti ndogo hausafiri mbali. Ukitaka kupeleka nguvu nyingi kwa volti ndogo lazima mkondo uwe mkubwa, na mkondo mkubwa hupasha waya moto. Dawa yake ilikuwa umeme unaogeuka mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, kwa sababu huo unaweza kupita kwenye transfoma. Kanuni yenyewe iligunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831: sumaku inayobadilika karibu na waya huzaa umeme ndani ya waya huo. Mwaka 1885 wahandisi watatu wa kiwanda cha Ganz mjini Budapest, yaani Zipernowsky, Bláthy na Déri, walitengeneza transfoma iliyofaa kwa kazi, na Machi 1886 William Stanley akawasha taa za mji mdogo wa Great Barrington, Massachusetts, kwa njia hiyo hiyo. Tangu hapo dunia ikajua la kufanya: pandisha volti unaposafirisha, zishushe unapofika kwa mteja.

Ungedhani kwamba baada ya hapo kila mtu angekubaliana namba moja. Wapi! Marekani walibaki na zile 110 (leo ni 120) kwa sababu balbu na vifaa vilikuwa vimeshanunuliwa. Sisi tunaoandika programu tunaijua vizuri hali hii: ukishapata watumiaji wengi, kosa la siku ya kwanza linageuka kuwa sheria. Kampuni ya umeme ya Berlin iliamua vingine. Mwaka 1899 ilianza kuhamisha wateja wake kutoka volti 110 kwenda 220, kwa sababu waya zile zile za shaba zingebeba nguvu mara mbili kwa mkondo ule ule. Ulaya ikafuata njia hiyo.

Ugomvi wa pili ulikuwa juu ya hezi, yaani umeme ugeuke mara ngapi kwa sekunde. Kampuni ya Westinghouse ya Marekani ilisimama kwenye 60, AEG ya Ujerumani ikasimama kwenye 50. Japani ikakumbwa na zote mbili: Tokyo ilinunua jenereta za AEG mwaka 1895, na muda mfupi baadaye Osaka ikanunua za General Electric. Mpaka leo mashariki ya Japani ni hezi 50 na magharibi ni hezi 60, nchi moja, na volti ni 100 kote. Baada ya tetemeko la Machi 2011 vituo vya mashariki viliposimama, magharibi hawakuweza kuwasaidia wenzao ila kwa kiasi kidogo, kwa kuwa mitambo ya kugeuza hezi ilikuwa michache. Lishike hilo la Japani, tutalihitaji.

Umeme wetu ulitoka wapi

Historia ambayo kampuni ya umeme ya Kenya yenyewe huisimulia inaanzia Unguja. Mtambo uliokuwa ukiwasha taa za jumba la Sultan Barghash ulinunuliwa mwaka 1908 na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, na hapo ikazaliwa Mombasa Electric Power and Lighting Company. Mwaka 1922 kampuni hiyo iliungana na ya Nairobi ikawa East African Power and Lighting, ambayo mwaka 1983 ilibadilishwa jina kuwa Kenya Power and Lighting.

Vipimo vyetu, lakini, ni vya Mwingereza. Na yeye mwenyewe alichelewa kujipanga: kabla ya sheria ya mwaka 1926 iliyoanzisha gridi yao ya taifa, miji ya Uingereza ilikuwa na volti na hezi za kila namna. Walipomaliza kupanga walibaki na volti 240 na hezi 50, na mwaka 1947 wakaweka kiwango cha plagi ya miguu mitatu ya mraba yenye fyuzi ndani. Ndiyo hiyo hiyo iliyo ukutani kwako sasa hivi.

Lamu tulikuwa na mitambo yetu ya dizeli kwa miaka mingi, mpaka katikati ya miaka ya 2010 tulipounganishwa na gridi kwa laini ndefu ya kilovolti 220 kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen. Kabla ya hapo, na hata baada yake kwa vijiji vingi vya visiwani, muziki haukusubiri soketi. Matari ya maulidi hayana waya. Gramafoni za zama za Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, zilizungushwa kwa mkono. Redio za transista zikaja na betri, na betri ni betri popote duniani. Hata ile tashkota iliyopendwa na vikundi vya taarab vya Mombasa, ambayo asili yake ni taishogoto iliyobuniwa Nagoya mwaka 1912, ilivuka bahari bila kuulizwa volti, kwa sababu sauti yake ni ya nyuzi na ubao. Shida ilianza muziki ulipohitaji ukuta: amplifaya, kinanda cha umeme, rikoda.

Ghuba mbili

Hapa ndipo kisa chetu kinapotofautiana na cha watu wa bara. Mtu wa Nairobi akiletewa chombo cha volti 110, aghalabu kimetoka Marekani. Sisi huletewa kutoka Uarabuni pia, na Uarabuni hakuna umeme wa namna moja.

Watu wa Amu na Ghuba ni jirani wa pepo. Kaskazi ilileta majahazi, kusi ikayarudisha yakiwa yamebeba boriti za mikoko, mpaka serikali ilipopiga marufuku kusafirisha mikoko nje mwaka 1982. Njia ilipobadilika kutoka jahazi kwenda ndege, mizigo nayo ikabadilika: kijana anayefanya kazi Muscat, Dubai au Jeddah anarudi na redio kaseti, kinanda, spika.

Sasa tazama. Oman, Kuwait, Qatar, Bahrain na Imarati zilikuwa chini ya mkono wa Mwingereza kwa namna moja au nyingine, na umeme wao ni wa hezi 50, volti kati ya 220 na 240, na plagi nyingi ni zile zile za mraba. Chombo kilichotumika Muscat unakichomeka Langoni na kinaimba. Lakini Saudia mafuta yalichimbwa na Wamarekani. Standard Oil ya California ilipata kibali mwaka 1933, kisima cha Dammam kikatoa mafuta ya kutosha mwaka 1938, na pamoja na Wamarekani wakaja hezi 60. Nyumba za Saudia zikazoea volti 127, mara nyingi pembeni yake kukiwa na soketi ya 220 kwa mashine kubwa. Hata ndani ya Bahrain, mji wa Awali uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mafuta ulikuwa wa volti 110 na hezi 60, kisiwa cha umeme ndani ya kisiwa. Mwaka 2010 serikali ya Saudia iliamua kuhamia volti 230 pole pole kwa miaka 25, lakini hezi zikaachwa 60.

Kwa hiyo ndugu wawili wa mtaa mmoja, mmoja yuko Muscat na mwingine Jeddah, wanaweza kuleta amplifaya za kampuni moja zilizofanana kama mapacha. Moja inafanya kazi, nyingine inatoa moshi. Watu husema ya Jeddah ilikuwa feki. Haikuwa feki. Volti 240 ndani ya kifaa kilichopangwa 127 husukuma takriban mara mbili ya mkondo, na joto la mara tatu na nusu. Cha Japani cha volti 100 hupata joto la karibu mara sita. Mshahara wa miezi kadhaa ya kazi ya ugenini huisha katika sekunde mbili, na harusi iko kesho.

Transfoma hufanya nini, na haifanyi nini

Transfoma ni waya wa shaba uliozungushiwa chuma mara mbili. Upande mmoja ukiwa na mizunguko 480 na mwingine 240, volti zinagawanywa kwa mbili. Basi, kazi imekwisha. Kwa lugha ya kazi yangu, ni fanksheni ya kugawanya. Haina akili ya kujua unataka 110. Ukiipa 240 inatoa 120. Jenereta ya harusini ikipanda mpaka 260 itatoa 130. Iliyoandikwa 220/110 ukiichomeka kwenye 240 zetu haitoi 110, inatoa 120, nayo ni nyingi kwa kinanda cha Kijapani cha volti 100. Kinanda hicho kinahitaji transfoma yenye tundu la 100.

Na hili ndilo ambalo nataka ulikumbuke hata ukisahau mengine yote: transfoma haigusi hezi. Ikiingia 50 inatoka 50.

Je, kuna madhara? Inategemea chombo. Vyombo vingi vya Kijapani nyuma vimeandikwa "50/60Hz", na sasa unajua sababu: kiwanda kilichotaka kuuza Tokyo na Osaka ilibidi kitengeneze chombo cha kukubali zote mbili. Ugomvi wa 1895 umetufaa sisi. Chombo cha Marekani kilichotengenezwa kwa soko la nyumbani tu kinaweza kuandikwa "60Hz" peke yake. Transfoma iliyo ndani yake ilipimiwa chuma cha kutosha hezi 60, na kwenye hezi 50 chuma hicho hubeba sumaku zaidi kwa asilimia 20. Kitafanya kazi, lakini kitapata joto, na siku ya joto la Februari kinaweza kusalimu amri.

Kibaya zaidi ni chombo chenye mota inayofuata hezi za ukutani. Organi ya Hammond ya zamani ya Marekani hutoa sauti kwa magurudumu yanayozungushwa na mota ya namna hiyo. Kwenye hezi 50 sauti yote inashuka kwa zaidi ya nusu-toni tatu, na hakuna kitufe cha kuirekebisha. Baadhi ya santuri ni hivyo hivyo: sahani inayotakiwa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika inazunguka chini ya mara 28. Hakuna moshi, hakuna harufu ya kuungua. Mambo yanakwenda pole pole tu, na wewe huna habari.

Tepu ya Dhahran

Nina ushahidi wa hili kutoka kwenye ukoo wetu. Ami yangu mmoja alifanya kazi Dhahran miaka ya 1970, na alirudi na rikoda kubwa ya tepu za magurudumu mawili. Jioni za huko, vijana wa Lamu walikuwa wakikusanyika wakiimba, naye akiwarekodi. Aliporudi alinunuliwa transfoma nzuri ya kushusha volti, na rikoda ikafanya kazi miaka na miaka bila kuungua. Tepu zile zilichezwa kila Idi. Ndani yake kuna sauti ya kaka yake mkubwa, ambaye alifariki kabla sijazaliwa. Sisi watoto tulikua tukijua kwamba alikuwa na sauti nzito, ya kukokota, ya mtu mwenye huzuni. Shangazi peke yake alikuwa akisema, "Huyu siye. Yeye alikuwa na sauti nyembamba." Tukimwambia ni uzee umemsahaulisha.

Miaka miwili iliyopita nilizihamisha tepu zile kwenye kompyuta, nikizicheza kwenye rikoda ile ile. Kwenye moja, mtu amewasha redio nyuma ya waimbaji, na zinasikika zile pipu sita za saa za BBC. Pipu hizo ni sauti ya hezi 1,000, na zinafuatana kwa sekunde moja. Nilipozipima kwenye grafu zilikuwa hezi 833, na kutoka moja hadi nyingine sekunde 1.2. Chukua 833 uigawanye kwa 1,000: ni tano juu ya sita. Hamsini juu ya sitini.

Rikoda ilirekodi kwenye hezi 60 za Dhahran na ikacheza kwenye hezi 50 za Lamu. Transfoma ilifanya kazi yake yote ya volti kwa uaminifu, na kwa takriban miaka arobaini tulikuwa tukimsikiliza mtu mwingine. Marekebisho yalikuwa mstari mmoja: faili lililosomwa kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, likaambiwa lisomwe kwa 52,920. Nyimbo zikachangamka. Sauti ikawa nyembamba na ya kijana, kama alivyosema Shangazi. Alisikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho, kisha akaomba urudiwe.

Ndiyo maana nasema suala hili si la fyuzi peke yake. Kama nyumbani kwenu kuna tepu au santuri na mashine ilitoka upande wa hezi 60, kabla ya kuhamisha chochote kwenye kompyuta tafuta kwanza mashine imeandikwa nini. Rikoda nyingine zina puli ya ukubwa wa aina mbili ndani, moja ya 50 na moja ya 60, na fundi anaweza kuibadilisha. Redio kaseti nyingi hazina tatizo hili, kwa kuwa mota zao ni za umeme wa namna ya betri.

Sasa tuchague

Haya, chukua tochi, geuza chombo, soma kibati cha nyuma.

Kikiandikwa "100-240V 50/60Hz", huhitaji transfoma. Kompyuta za mkononi, vinanda vingi vya kisasa vya adapta na miksa nyingi za leo ziko hivyo. Unahitaji plagi tu. Usipoteze pesa.

Kikiwa na swichi ya 115/230, izungushe kwenye 230 kabla ya kuchomeka, na uangalie kama kitabu chake kinataka fyuzi ibadilishwe, maana fyuzi ya 230 aghalabu ni nusu ya ile ya 115.

Kikiwa cha volti moja (100, 110, 120 au 127), nunua transfoma inayotoa volti hizo hizo ikiingizwa 240, si ya kukadiria. Kwa ukubwa, tazama wati za chombo ujumlishe nusu yake juu. Amplifaya ya wati 400 ipe transfoma ya VA 600 au zaidi, kwa sababu besi inapopiga inavuta ghafla.

Kuna aina mbili dukani. Ya koili moja ni nyepesi na rahisi, lakini upande wa chombo umeungana moja kwa moja na ukuta, na waya mmoja ukikatika ndani, 240 zote zinaweza kufika kwenye chombo. Ya koili mbili hutenganisha pande zote mbili. Ni ghali na ni nzito: ya VA 1,000 hukaribia kilo 10, kwa hiyo kutoka gatini mpaka nyumbani mtafutie punda. Kwa chombo ambacho mwimbaji atashika kipaza sauti chake mkononi, mimi huwashauri watu wanunue ya koili mbili, na waya wa ardhi uunganishwe kweli kweli.

Kuna na kitu cha tatu, kiboksi chepesi cha kuingia mfukoni kilichoandikwa wati 1,600. Hicho hakina chuma. Hukatakata umeme kwa njia ya elektroniki. Kimetengenezwa kwa pasi na mashine za kukaushia nywele. Usikikaribishe kwenye kinanda. Uzito ni kipimo kizuri cha ukweli hapa: wati nyingi bila kilo si za muziki.

Mwisho soma hezi. "50/60" endelea. "60" peke yake na hakuna mota, endelea lakini kipe hewa na ukishike kwa mkono baada ya nusu saa. "60" na kuna mota inayozungusha kitu, basi jua kwamba transfoma itakulinda usiungue, haitakulinda na uongo. Hapo tafuta puli, au rekebisha kwenye kompyuta kama nilivyoeleza, na namba ya kuzidishia ni 1.2.

Na mkiwa na ndugu anayejiandaa kurudi kutoka Jeddah na kinanda, mpigieni simu leo mwambieni akigeuze asome nyuma kabla hajalipa.